Kurefusha miguu kwa upasuaji: mwongozo kamili tangu kuamua hadi kutupa magongo

Wanaoniuliza kabla ya upasuaji huuliza mambo mawili tu: bei na sentimita. Wanaoletwa kwangu baada ya upasuaji huwa na shida nyingine kabisa. Kisigino hakigusi sakafu, au goti halinyooki. Mfupa umeota, picha ya eksirei haina doa, sentimita walizolipia wamezipata, lakini wanatembea kwa ncha za vidole kama mtu anayenyatia kuku.

Kazi yangu ni fiziotherapia, hapa Dar es Salaam, na karibu wote niliowapokea katika hali hiyo walikosea mahali pamoja. Skrubu za kuvuta mfupa walizungusha bila kukosa hata siku moja. Mazoezi wakayaahirisha mpaka maumivu yapungue. Maumivu hayakupungua, na misuli haikuwasubiri.

Ndiyo sababu mwongozo huu haukai sana chumba cha upasuaji. Huko utakuwa umelala kwa nusu kaputi. Kinachorefusha mguu ni miezi inayofuata, na fundi wa miezi hiyo ni wewe mwenyewe.

## Kinachofanyika mguuni

Daktari hukata mfupa wa paja au wa muundi, huufunga kwa chuma, kisha huuacha utulie siku 5 hadi 10 ili uanze kuunga. Baada ya hapo vipande viwili huachanishwa polepole, kwa kawaida milimita 1 kwa siku kwenye paja, na mara nyingi pungufu ya hapo kwenye muundi. Mwili hujaza mwanya ule kwa mfupa mchanga, ambao huchukua miezi kukomaa.

Mfupa umekatwa, lakini misuli, neva na mishipa ya damu haikukatwa. Hiyo inavutwa tu. Karibu kila shida utakayoikuta huko chini inatokana na mvuto huo.

## Nani asijaribu

Kijana ambaye bado anakua asiguswe. Mvutaji wa sigara, shisha au mtumiaji wa ugoro aache kwanza, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo ya damu na mfupa mchanga hukosa chakula. Mwenye kisukari kisichotulia asubiri kitulie. Mwenye siko seli yuko kwenye hatari kubwa ya nusu kaputi, upungufu wa maji na damu kupotea. Kwa upasuaji wa urembo tu, mimi humwambia aache. Kama hujui hali yako, pima kabla hujalipa chochote.

Kama unataka urefu ili uingie jeshini au urudi uwanjani kucheza mpira, fikiria upya. Mguu uliokatwa na kuvutwa unaweza kukupeleka kazini, sokoni na harusini vizuri kabisa. Kuruka na kukimbia kwa kasi ya zamani hakuna anayeweza kukuahidi.

Halafu kuna yule ambaye kila mtu anamwambia urefu wake ni wa kawaida, naye anajipima ukutani kila asubuhi. Huyo akaonane na mtaalamu wa saikolojia kabla ya daktari wa mifupa. Daktari makini atakutuma huko mwenyewe. Anayeruka hatua hiyo na kukutumia namba ya akaunti, mkimbie.

## Maamuzi matatu kabla ya tiketi

Paja au muundi? Paja lina misuli minene na damu nyingi, kwa hiyo mfupa wake huota upesi zaidi. Gharama yake inalipwa na goti na nyonga. Muundi huota polepole, ngozi yake ni nyembamba, na kano ya kisigino hukaza kama kamba ya ngoma. Kwa anayeanza, wengi huchagua paja.

Sentimita ngapi? Kikomo kinachotajwa sana ni 8 kwa paja na 5 hivi kwa muundi, na madaktari waangalifu husimama kabla ya hapo. Kila sentimita inayoongezwa huwa ngumu kuliko iliyotangulia. Anayekuahidi 8 za paja na 6 za muundi kwa safari moja anafanya biashara. Na kumbuka mikono hairefuki.

Chuma gani? Kuna vyuma vya nje, vile ambavyo mitaani huitwa antena. Maarufu ni fremu ya mviringo ya Ilizarov, iliyoshikwa na nyaya zinazopenya ngozi hadi mfupani. Ni nafuu na vinarekebishika, ila kila tundu ni mlango wa vijidudu. Kuna njia ya kuchanganya, nondo ndani na fremu nje, ambapo fremu hutolewa mapema na nondo hubaki ikilinda mfupa. Na kuna nondo ya ndani inayojirefusha: Precice huendeshwa kwa sumaku kutoka nje, Fitbone kwa mota ndogo. Hizi hazina matundu, bei yake ni kubwa, na nyingi hazibebi uzito wako wote.

Hapo kwenye uzito pana mtego. Nondo ya Stryde ilipendwa kwa sababu ilimruhusu mgonjwa kukanyaga mapema. Mwaka 2021 iliondolewa sokoni baada ya kutu na mabadiliko ya mfupa kuonekana kwenye maungio yake. Kwa hiyo ukiambiwa utatembea bila gongo wiki ya kwanza, omba jina la nondo na kikomo cha kilo kwa maandishi.

Kuhusu pesa: Marekani bili huweza kupita dola 70,000. Uturuki na India ni chini ya hapo, ndiyo maana wengi wetu huelekea huko. Lakini bei unayotajiwa mara nyingi ni ya upasuaji na siku chache za wodi. Ongeza malazi ya miezi miwili au mitatu, fiziotherapia ya kila siku, picha za eksirei, nauli ya msaidizi, na upasuaji wa pili wa kutoa chuma. Kisha weka kando robo ya jumla hiyo kwa ajili ya mambo kuharibika. Kama robo hiyo huna, bado hujawa tayari.

## Vitu vya kuandaa

- Magongo mawili, kitembeleo cha miguu minne, na kiti cha magurudumu ambacho sehemu ya miguu hunyanyuka.
- Choo cha kukaa. Kama nyumbani mna cha kuchuchumaa, nunua kiti chenye tundu. Hutachuchumaa kwa miezi mingi.
- Kanga mbili za pamba, ngumu, za zamani. Ndizo mashine yako ya mazoezi.
- Kipimapembe cha kibweta cha hesabu, tepu ya fundi cherehani, na mizani ya kupimia uzito.
- Daftari na kalamu. Simu huisha chaji.
- Kwa mwenye Ilizarov: spana namba 10, ile ile ya fundi pikipiki, na rangi ya kucha.
- Gozi, maji ya salaini, klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), glavu.
- Kikoi, dera au suruali zilizofumuliwa ubavuni.
- Vizuizi vya kulalia vinavyoshika wayo wima usiku.
- Mtu mmoja mzima, mwenye nguvu na subira, kwa wiki sita za kwanza angalau. Asiwe yule anayezimia akiona damu.

## Hatua ya 1: Wiki nane kabla

Piga picha ndefu ya eksirei ya miguu yote ukiwa umesimama, pima wingi wa damu na vitamini D, na urekebishe kilichopungua sasa. Acha nikotini leo. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango au dawa yoyote ya kila siku amwambie daktari, kwa sababu baadhi huongeza hatari ya damu kuganda.

Anza kunyoosha misuli ya nyuma ya paja, kigimbi na mbele ya nyonga kila siku. Msuli ulioingia ukiwa mkavu utavutwa ukiwa mkavu.

Mwulize daktari maswali haya na uandike majibu: Nikipata shida saa nane usiku, nani anapokea simu? Mfupa usipoota, nani analipa upasuaji wa kurudia? Nikiwa nimerudi Dar au Nairobi, ni daktari gani wa mifupa atakubali kunifuatilia? Swali la mwisho watu hulidharau, halafu wanafika hospitali ya kwao na nondo ambayo hakuna hata mmoja mwenye kifaa cha kuiendesha.

Uko tayari ikiwa: ukikaa miguu imenyooka unagusa vidole bila kukunja goti, na ukilala kifudifudi kisigino kinakaribia makalio.

## Hatua ya 2: Siku ya upasuaji na wiki ya kwanza

Utaamka na maumivu, uvimbe na mpira wa mkojo. Kesho yake au keshokutwa utasimamishwa kwa kitembeleo. Simama hata kama unatetemeka, kwa sababu damu inayolala mguuni huganda, na bonge likipanda mapafuni huua. Chezesha vifundo juu na chini mara 20 kila saa ukiwa macho, na usiruke sindano za kuzuia damu kuganda.

Siku hizi za mwanzo mafuta ya ndani ya mfupa yanaweza kuingia kwenye damu, hasa mapaja yote mawili yakifanywa siku moja. Dalili ni kuhema kwa shida, kuchanganyikiwa, na vipele vidogo vyekundu kifuani. Msaidizi wako azijue kabla, kwa sababu wewe hutaweza kujieleza.

Onyo kuhusu dawa. Huku kwetu mtu akiumwa chochote hukimbilia diklofenaki au ibuprofeni. Madaktari wengi wa upasuaji huu huzikataza kwa sababu zinaweza kuchelewesha mfupa kuota. Usimeze kidonge cha jirani. Na dawa kali za maumivu ulizopewa zina kufunga choo na uraibu. Panga na daktari namna ya kuzipunguza tangu siku unayoanza kuzitumia.

Mafanikio: umesimama, maumivu yanatulia kwa dawa, unanyanyua kidole gumba cha kila mguu.

## Hatua ya 3: Kuzungusha

Milimita 1 haivutwi kwa mkupuo. Hugawanywa mara nne, robo milimita kila baada ya saa sita hivi, kwa sababu neva na msuli huvumilia mvuto mdogo wa mara kwa mara kuliko mmoja mkubwa.

Kwenye fremu yenye nondo za skrubu, mzunguko mmoja kamili wa nati ni milimita 1, hivyo robo mzunguko ndiyo dozi yako. Kabla ya kutoka hospitali, mwambie daktari azungushe mbele yako, kisha wewe uzungushe mbele yake. Paka rangi ya kucha upande mmoja wa kila nati, na uchore mshale wa kuelekea. Nati ikizungushwa kinyume inabana badala ya kuachanisha, na usiku wa manane pande zote zinafanana.

Kwa nondo ya sumaku, kifaa huwekwa juu ya alama iliyochorwa kwenye ngozi. Alama hufutika ukioga. Ichore upya kabla haijapotea. Mtu mwenye kifaa cha kuendesha moyo asikae karibu.

Andika kila zungusho: tarehe, saa, mguu upi. Ukisahau moja, usizungushe mbili kufidia. Mpigie daktari au iache ipite.

Hesabu ya kukusaidia kupanga: sentimita 5 kwa milimita 1 kwa siku ni siku 50. Kwa robo tatu ya milimita ni siku 67.

Mafanikio: daftari na picha ya eksirei vinasema namba ile ile.

## Hatua ya 4: Mazoezi, mahali watu wanapoangukia

Nilimtembelea kijana mmoja nyumbani kwao, wiki ya nane, amerudi kutoka ng'ambo. Mama yake alikuwa amempangia mito miwili chini ya kila goti, foronya zimepigwa pasi. Kijana alikuwa ametulia, hasikii maumivu, anatazama mpira. Nilipoondoa mito, goti la kulia lilibaki juu vilevile, kama bado kuna mto chini yake. Kipimapembe kilionyesha nyuzi 25 pungufu ya kunyooka. Tulihangaika miezi minne kurudisha nyuzi 20. Tano zilizobaki anazo hadi leo.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: hakuna mto chini ya goti. Mto unawekwa chini ya kisigino, goti lining'inie. Kinachostarehesha ndicho kinachokaza. Wafundishe wanaokuhudumia, maana watakurudishia mto kwa mapenzi yote mara tu ukisinzia.

Haya ndiyo mazoezi ya msingi. Yafanye kwa awamu tano kwa siku, nusu saa baada ya dawa ya maumivu, daktari wako akishayaidhinisha.

Kuvuta wayo kwa kanga. Kaa miguu imenyooka. Kunja kanga iwe mkanda, ipitishe chini ya vidole, shika ncha mbili, vuta wayo kuja kwako. Goti lisipinde. Shikilia sekunde 30, achia, rudia mara tano. Kisha fanya tena goti likiwa limekunjwa kidogo, kwa sababu kigimbi kina misuli miwili na kila mmoja huvutika kwa mkao wake.

Kunyoosha goti. Kisigino juu ya taulo lililoviringishwa, bonyeza goti chini kwa kukaza msuli wa mbele wa paja. Hesabu hadi kumi. Baada ya hapo liache lining'inie dakika kumi. Hizo dakika kumi ni ndefu sana, weka redio.

Kukunja goti. Lala kifudifudi, funga kanga kwenye kifundo, ipitishe begani, vuta kisigino kuelekea makalio hadi unaposhindwa, kaa hapo.

Kulala kifudifudi. Dakika 20, mara mbili kwa siku, bila kitu chini ya tumbo. Anayerefusha paja na kushinda ameketi hukaza mbele ya nyonga, akisimama anabinuka kiuno.

Kuumia kwa mvuto ni kawaida. Maumivu ya kuchoma kama umeme, au ganzi inayotambaa juu ya wayo, si kawaida. Hiyo ni neva inalalamika.

Kila jioni pima mambo matatu na uyaandike. Goti linanyooka kabisa? Linakunja nyuzi ngapi? Wayo unafika nyuzi 90 na muundi? Goti likishindwa kukunja nyuzi 45, au likianza kubaki limepinda, au kisigino kikianza kupanda, mpigie daktari siku hiyo hiyo apunguze kasi au asimamishe. Milimita unaweza kuzipata wiki ijayo. Kiungo kilichokwisha kukaza huenda kikahitaji kisu kingine.

Usiku vaa vizuizi vya wayo. Mtu akilala, uzito wa shuka peke yake unatosha kuusukuma wayo chini saa nane mfululizo.

Mafanikio: namba za jioni hazishuki kwa siku tatu mfululizo. Kubaki palepale huku mfupa unarefuka ni ushindi.

## Hatua ya 5: Matundu ya vyuma

Mwenye nondo ya ndani aruke hapa.

Osha mikono, vaa glavu. Kwa kila tundu tumia gozi yake, mpya, iliyolowa salaini au klorheksidini kama ulivyoelekezwa, ukianza karibu na waya kwenda nje. Zungushia gozi kavu, usikaze. Hospitali nyingine husema kila siku, nyingine mara moja kwa wiki. Fuata ya kwako, usichanganye tatu ulizosikia.

Asali, majivu, mafuta ya nazi na dawa ya meno vikae jikoni na bafuni.

Maji meupe kidogo na ukoko ni kawaida. Wekundu unaopanuka, maumivu mapya, joto au usaha vinahitaji dawa, na maambukizi ya juujuu hutokea sana na hupona kwa vidonge yakiwahiwa. Waya ukilegea na kucheza, huo ni wa daktari, si wa spana yako.

## Hatua ya 6: Kusoma picha na kujua lini kuacha kuvuta

Wakati wa kuvuta, eksirei hupigwa kila wiki moja au mbili. Usiridhike kuambiwa "iko poa". Uliza mwanya ni milimita ngapi, na kama ndani yake panaonekana wingu jeupe.

Wingu hafifu au weusi mtupu ni mfupa unaosuasua. Kasi hushushwa, pengine hadi nusu milimita. Upande wa pili, mfupa unaweza kuwahi kuunga: nati inakuwa nzito, mwanya hauongezeki. Usilazimishe kwa nguvu. Na mfupa unaweza kurefuka huku unapinda, hasa muundi, jambo ambalo kwenye kioo hulioni hadi limekuwa kubwa.

Amua kabla ya upasuaji utaacha kuvuta kwa masharti gani, uyaandike ukurasa wa kwanza wa daftari. Nimewaona watu wenye ganzi ya wayo wakiomba "sentimita moja tu ya mwisho". Wiki ya saba mtu hafikiri kwa kichwa chake cha kawaida. Ana usingizi mbovu, dawa kali, na pesa aliyokwisha kulipa inamsukuma.

## Usisubiri kesho

Nenda hospitali saa hiyo hiyo ukiona:

- kifua kinabana, unahema kwa shida, au unakohoa damu;
- kigimbi kimevimba ghafla, kina joto na kinauma;
- mguu umekaza kama ubao, maumivu hayasikii dawa, vidole vikinyooshwa unapiga kelele;
- kidole gumba kilichokuwa kinanyanyuka jana leo hakinyanyuki;
- homa pamoja na usaha;
- chuma kimelia na mguu umepinda.

## Hatua ya 7: Kurudi nyumbani

Kosa la pili kwa ukubwa ni kuwahi ndege kwa sababu hela ya malazi imeisha. Panga kuondoka ukiwa umemaliza kuvuta, picha ya mwisho ni nzuri, wayo unafika nyuzi 90 na goti linanyooka. Omba kiti cha magurudumu kwa shirika la ndege mapema, kaa kando ya njia, simama kila baada ya muda, na mwulize daktari kuhusu dawa ya kuzuia damu kuganda safarini. Beba mkononi barua, picha zote, na jina na ukubwa wa nondo.

Nyumbani, kwenye bajaji ingia kwa makalio kwanza, kisha nyanyua miguu mmoja mmoja. Daladala sahau. Sala fanya ukiwa umeketi kitini. Mpira wa chini ya gongo ukiisha, badilisha siku hiyo. Vigae vilivyolowa vimevunja nondo za watu.

Mfupa sasa unakomaa bila kuvutwa, na hiki ndicho kipindi kirefu kuliko vyote. Kadiria mwezi hadi mwezi na nusu kwa kila sentimita, ukihesabu tangu upasuaji. Mazoezi yanaendelea. Kula dagaa na miba yake, mayai, maziwa, maharage, kaa juani asubuhi. Supu ya makongoro utaletewa na kila anayekuja kukupa pole. Inywe, inaleta hamu ya kula, ila isichukue nafasi ya nyama na dagaa.

## Hatua ya 8: Kukanyaga

Ruhusa inatoka kwenye eksirei. Madaktari huhesabu kuta nne za mfupa mpya katika picha mbili, ya mbele na ya ubavuni. Kuta tatu zikiwa zimeunga, uzito wote huruhusiwa. Kabla ya hapo una kikomo.

Kikomo cha kilo 20 utakijuaje? Weka mizani sakafuni, mguu mmoja juu yake, magongo mikononi, bonyeza hadi isome 20. Rudia mpaka mguu ukumbuke bila kuangalia. Watu wazima na akili zao huniambia "nakanyaga kidogo tu", na mizani inasoma 45.

Kisha ni magongo mawili, halafu moja mkono wa upande wa pili wa mguu dhaifu, halafu hakuna. Usitupe gongo huku bado unachechemea, maana mwili huzoea kuchechemea. Tembea mbele ya kioo kirefu.

Mafanikio: kisigino kinatangulia kugusa chini, na unasimama kwa mguu mmoja sekunde kumi bila nyonga ya upande wa pili kushuka. Kukimbia kusubiri karibu mwaka, kwa ruhusa.

## Hatua ya 9: Kutoa chuma

Nondo zinazojirefusha hazikutengenezwa zikae maisha. Kwa kawaida hutolewa mwaka 1 hadi mwaka na nusu baada ya upasuaji, mfupa ukiwa imara. Bajeti yake iwe imekaa pembeni tangu mwanzo, pamoja na nauli. Kabla haijatolewa, usikubali kuingizwa kwenye mashine ya MRI bila kumwambia mtaalamu una nondo ya aina gani.

Baada ya kutolewa, mfupa una matundu ya skrubu yaliyo wazi, na ni dhaifu kuliko unavyojisikia. Rudi kwenye magongo kwa wiki utakazoambiwa, hata kama siku ya tatu unaona unaweza kushuka ngazi mbilimbili. Zile kanga mbili usizigawe bado.